Safari ya Nanihii

Jina lenyewe sitalitaja. Nakwambia mapema usije ukafika mwisho ukasema nimekudanganya. Mwanamke hamtaji baba mkwe wake, awe hai awe maiti, na mimi niliolewa katika nyumba ile ya Mbololo, mlimani juu ya Voi, nikiwa na akili zangu timamu, nikayapokea na masharti yake. Basi nitamwita Nanihii, kama nilivyomwita miaka yote, na wewe utavumilia.

Shida ni kwamba watu wengine wote walikuwa wakilitaja. Walilitaja asubuhi, walilitaja jioni, walilitaja wakichagua nyanya sokoni. Miaka ile ya hamsini, kuanzia Voi mjini mpaka juu mlimani, ukimtuma mtu kitu asirudi, ulisema amekwenda safari ya Nanihii. Gari la moshi la Mombasa likichelewa, limekwenda safari ya Nanihii. Fundi akichukua kitambaa cha gauni la Krismasi na Krismasi ikapita, kitambaa kimekwenda safari ya Nanihii. Jirani yangu mmoja, mumewe alitoka jioni kununua mafuta ya taa akaonekana kesho yake akinuka pombe. Mwanamke yule akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akapaza sauti, "Karibu mume wangu, karibu kutoka safari ya Nanihii!" Landi nzima, maana ndivyo tulivyoziita nyumba za reli, ikaangua kicheko. Mimi niko ndani nasonga ugali, nasikia jina la babu wa watoto wangu likipigwa mateke kama kopo tupu.

Mimi si wa mlimani. Kwetu ni Mboghoni, huko chini Taveta kwenye mifereji na migomba, na mtu wa kwetu akitaka kukutukana anakutukana kwa jina lako mwenyewe, haazimi la marehemu. Voi nililetwa na ndoa. Mume wangu alifanya kazi stesheni, kazi ya kuyageuzia magari njia, na alikuwa mpole kiasi cha kukuudhi. Watu walipousema msemo ule mbele yake, alicheka pamoja nao. Siku moja nikamwuliza, "Unacheka nini, na huyo ni baba yako?"

"Nisipocheka watajua ni baba yangu," akasema.

Jamani! Mji mzima ulijua. Hata mbwa wa stesheni masta alijua.

Sasa sikiliza lililonikaa kooni. Kwa watu wa mume wangu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Hapo hakuna mjadala wala rufaa. Ndiyo maana nilipozaa msichana, moyo wangu ulitulia. Nikazaa wa pili, wa tatu, na wa nne, wote wasichana. Wanawake wa landi walikuja na uji na nyuso za msiba, wakiniita Mama Wasichana, wakinipa majani ya kunywa ili mkono ubadilike. Majani nilimwagia migomba. Walivyokuwa wakinipa pole, mimi ndani ya shuka nilikuwa namshukuru Mungu kwa kila mmoja.

Kisha akazaliwa mvulana. Mkunga akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama, nami nikalia kwa kwikwi. Wakadhani ni furaha.

Hebu fikiria. Mtoto anatumwa chaki na mwalimu, anatoka mlangoni, na darasa zima linamwimbia jina lake. Mume wangu aliyapitia hayo yote. Shule aliiacha kwa sababu hiyo, ingawa mwenyewe husema aliiacha kwa sababu ya hesabu. Yeye hakuchukua jina la baba yake, lakini alikuwa mwanawe, na hilo lilitosha. Huyu wangu angelibeba lenyewe, zimazima. Basi nikamwambia mume wangu kwamba mtoto hatatiwa maji ya ubatizo mpaka jina lile lisafishwe. Akaniuliza, "Utalisafisha na sabuni gani?" Nikamfokea tu.

Jibu lilishuka kwenye gari la Nairobi, limevaa kaptula ya kaki yenye mikunjo ya pasi na soksi ndefu mpaka magotini. Alikuwa mwalimu, ametumwa na ofisi moja ya kutunga vitabu vya shule, na kazi yake ilikuwa kutafuta asili ya maneno na misemo ya watu ili kitoke kijitabu cha kusomwa na watoto. Sisi tulimwita mwalimu wa asili. Alikuwa mtu wa watu, simsingizii, na alijua mengi. Ni yeye aliyetueleza kwamba neno gereza lilitoka kwa Wareno, na kwamba kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Tangu siku ile mume wangu kila akiona wafungwa wanafyeka nyasi kando ya reli, husema wapo ibadani.

Lakini mwalimu yule alikuwa na ugonjwa mmoja. Kwake hakuna neno lililozaliwa hapa. Meza, Mreno. Leso, Mreno. Sahani, Mwarabu. Gari, Mhindi. Wakamba wa Voi walimweleza jina la mji lilivyotoka kwao, watu wa mlimani wakamweleza lilivyotoka kwao, mwenye duka Mswahili naye akaapa kwamba babu yake alikuwapo. Aliwasikiliza wote kwa heshima, kisha akauliza kama kuna Mreno aliyewahi kupita hapa. Siku moja nikamwuliza, "Na sisi, Mwalimu, kabla hawajafika hao wote, tulikuwa tunaongea nini?" Akasema hilo ni swali zuri, akanywa chai yake.

Baraza lake lilikuwa hoteli ya chai nyuma ya stesheni. Mimi nilipeleka pale ndizi, maana ndugu zangu walinitumia mikungu kwa gari la Taveta, kwa hiyo nilisikia kila kitu nikiwa mlango wa jikoni. Utaratibu wake ulikuwa huu: anawakusanya wazee wenye mvi, anawanunulia chai na mandazi, anauliza. Wazee wawili wakikubaliana, hiyo ndiyo asili, anaandika. Mandazi yakiwa mengi, wazee walikubaliana upesi. Wanawake hawakuulizwa. Labda alidhani sisi maneno tunayaokota tu njiani.

Siku ilipofika zamu ya safari ya Nanihii, hoteli ilijaa. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema Nanihii alikwenda upande wa Wajerumani, akaoa huko, na mpaka leo ana duka na kitambi. Mwingine, mzee aliyekuwa hasikii vizuri, akasema yeye tangu utotoni alisikia kwamba Nanihii alitumwa chumvi.

"Si chumvi," akakatiza mtu. "Fahali."

Aliyekatiza alikuwa mzee wa kanisa kule mlimani, mtu wa kanzu nyeupe na sauti ya kutangazia matanga. Akasema, "Mimi nilikuwa rika lake, tumetahiriwa mwaka mmoja. Alitumwa Kishushe kuleta fahali wa mahari. Akamla peke yake porini mpaka kwato, halafu aibu ikamzuia kurudi. Alikuwa mtu wa kupenda nyama."

Hakuna aliyeuliza mtu mmoja anamlaje fahali mzima. Mzee mwenzake alikuwa anatafuna andazi, akatikisa kichwa kukubali, wakawa wawili. Mwalimu akafurahi mno. Hadithi ilikuwa na mafunzo, akasema: uaminifu, na hatari ya ulafi. Watoto wa shule wangeipenda, na angetafuta mchoraji wa kumchora fahali.

Nikaweka mkungu chini, nikaingia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Mtoto alikuwa mgongoni.

"Mwalimu," nikasema, "wenyewe wa nyumba hiyo umewauliza?"

"Wenyewe ni akina nani?"

"Mimi. Huyu niliyembeba ni mjukuu wake."

Vikombe vikatua mezani. Mwalimu, kwa adabu yake yote, akanivutia kiti na kutayarisha kalamu. "Vizuri sana, mama. Tuanze na jina lake kamili."

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Wale wazee walijua, walikuwa wakiningoja hapo hapo. Walicheka mpaka chai ikawapalia. Mwalimu hakujua la kufanya, akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba ushahidi usio na jina si ushahidi. Nilitoka pale masikio yanawaka. Lo! Hapo ndipo nilipoona vizuri tulivyofungwa: wenye kulijua jambo ni wale wasioruhusiwa kulitamka jina, na wenye kulitamka jina hawana wanalolijua. Afadhali ningekuwa sikuolewa huko.

Lakini alisema neno moja lililonipa nguvu. Kabla ya kuandika fahali wake kwa wino, atapanda mlimani, kwenye shule, kuhakikisha mbele ya wazee wa huko.

Nikapanda mimi kwanza. Mama mkwe nilimkuta uani anasuka kikapu cha mkonge. Alikuwa mwanamke mkavu, wa maneno machache, na habari za mumewe hakuwahi kunisimulia hata siku moja. Nilidhani hajui, au ana haya. Nikamsimulia mambo ya hotelini.

"Fahali?" akauliza, mikono ikasimama.

"Fahali mzima, mama. Mpaka kwato."

"Nani amesema?"

Nikamtajia yule mzee wa kanisa, maana huyo jina lake halinihusu. Mama mkwe akaendelea kusuka. Alisuka safu nzima bila kunitazama, kisha akasema, "Nipe mtoto." Akampakata, akamnusa kichwani. "Siku atakayokuja huyo mwalimu wenu, utanichukua."

Siku ilipofika, darasa lilijaa wanaume kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Wanawake walikuwa wameleta chai, wakasimama nyuma. Mwalimu aliisoma hadithi ya fahali kwa sauti nzuri, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Mama mkwe akapita katikati ya madawati, mimi nyuma yake na mtoto mgongoni, mume wangu nyuma yangu kofia ya reli mkononi, akitamani ardhi impasukie.

"Mimi nina la kuongeza," akasema, kwa Kiswahili chake cha sokoni kisicho na mapambo. "Huyo mnayemsema ni mume wangu."

"Karibu, mama. Anza kwa jina lake."

"Jina silitaji."

"Basi, mama yangu, hatuwezi kuendelea. Kanuni za utafiti..."

"Nipe mtu wa kunitajia."

Pakazuka mnong'ono. Ada hiyo kila mtu pale aliijua. Mke akibanwa, iwe kwa chifu au hospitali, hutafutiwa mtu wa kumtajia mumewe, na mtu huyo sharti awe wa rika la mume, asiwe mwingine yeyote. Mwalimu akapendezwa sana na ada hiyo, akaiandika pembeni, akauliza ni nani aliyebaki wa rika lile. Vichwa viligeuka, vyote upande mmoja.

"Nina kikohozi," akasema mzee wa kanisa.

"Ni jina moja tu, mzee wangu," akasema mwalimu kwa bashasha. "Tusaidie."

Akasimama. Kanzu ilikuwa nyeupe kweli kweli. Akaja kusimama kando ya mama mkwe, nao hawakutazamana.

"Vita vya Wajerumani vilipokuja," akaanza mama mkwe, "nilikuwa na mtoto mchanga, huyu aliyeshika kofia. Baba yake alikuwa kijana wa shamba, hajawahi kugombana na mtu. Aliitwa..."

Mwalimu akamtazama mzee.

"Nanihii," akasema mzee. Yeye alilitaja lenyewe. Ni mimi ninayesema Nanihii.

"Ikatolewa amri kila ukoo utoe mtu wa kubeba mizigo ya jeshi. Ukoo mmoja, kijana aliyechaguliwa hakutaka kwenda. Alikuwa na rafiki yake wa kufa kuzikana. Rafiki huyo ni..."

"Nanihii."

"Akaja kwetu asubuhi, mguu ameufunga kitambaa. Akasema umevimba, hawezi kutembea. Akasema chumvi ya mlima mzima imefika stesheni Voi, isipochukuliwa leo itauzwa kwa wengine, amwendee. Kulikuwa na ukungu. Akavua blanketi lake jekundu, akamvika. Mimi ndiye niliyefunga chakula cha njiani. Nilifunga kimanga kwenye jani la mgomba. Aliyeteremka na blanketi lile ni..."

Chai ilikuwa imesahauliwa.

"Mzee, taja," akahimiza mwalimu, kalamu iko hewani.

"Nanihii."

"Askari walikuwa wanangoja stesheni. Walikwisha ambiwa, mtu wenu mtamjua kwa blanketi jekundu. Waliyemfunga kamba ni..."

Akalitaja tena, chini kwa chini. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameacha kuikunja kofia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jina la baba yake lilikuwa limetajwa mbele yake naye hakucheka.

"Jioni watu wakauliza, mbona chumvi haiji? Mwenye mguu akawajibu, tumemtuma hajarudi, labda ameiuza akakimbia. Kesho yake mguu ulikuwa umepona. Wakacheka. Wakaanza kusema, safari ya..."

Midomo ya mzee ilicheza, sauti haikutoka.

"Safari ya nani, mzee?" Mwalimu alikuwa amechangamka, maskini, haoni wala hasikii. "Hapa ndipo penyewe! Huu ndio msemo wenyewe!"

"Ya Nanihii."

Mama mkwe akavuta pumzi. Akasema aliyemweleza habari hizi ni kijana wa upande wa pili wa mlima aliyefungwa naye kamba moja, akarudi vita vilipokwisha. Ni yeye aliyemzika, kando ya barabara, hata Taveta hawajafika. Tumbo la kuhara lilimmaliza na mzigo wa risasi ukiwa kichwani. Mimi nimezaliwa huko chini, na barabara ile niliipita tangu utoto nikiimba, nikirusha mawe, nikichuma matunda ya porini. Nililia pale pale bila aibu.

Mwalimu aliandika, akapiga mstari. Kisha akainua kichwa. "Na huyo mwenye mguu, mama? Naye ni lazima awe na jina. Pengine mzee atutajie tena?"

"Huyo hahitaji kutajiwa," akasema mama mkwe. "Huyo hakunioa. Huyo naruhusiwa."

Akageuka, akamtazama mzee wa kanisa usoni, akalitaja jina lake la ubatizo, na la nyumbani, na la baba yake. Alilitaja polepole, bila hasira, kama mtu anayemwita mgeni aingie ndani.

Kalamu ya mwalimu ikaacha kukwaruza. Mtu aliyekuwa karibu na dirisha akasema "Yesu wangu" na hakumaliza. Mwalimu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika, akaishika kanuni yake. "Lakini kwa kawaida, mama, huwa tunahitaji mashahidi wawili."

"Wa pili si huyo hapo?"

Wote tukamngoja. Mzee alikuwa anatazama ubao, ambapo watoto walikuwa wameacha hesabu zao za jana. "Mguu ulikuwa unauma kweli," akasema.

Hilo tu. Miaka yote ile, mzigo wote ule, na neno alilokuwa nalo ni hilo. Akatoka, na watu wakampisha.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Niliteremka Voi nikikingoja kijitabu kama watu wanavyongoja mvua. Mtoto akaota meno, akasimama dede, akaanza kuvuta nguo za dada zake, hana jina. Tulimwita "huyu". Mama mchungaji akaniuliza kama nimeingia dini nyingine. Nikasema nangoja kitabu. Akasema kitabu kipo, ni Biblia. Nikamwambia si hicho.

Kijitabu kikaja. Mwalimu alikileta mwenyewe, soksi zile zile. Nilimwomba mume wangu anisomee. Alisoma kichwa, akanionyesha. Palikuwa na picha ya mtu mwenye kitambi kama gunia la mahindi, ameegemea mti, kando yake kwato za fahali.

"Mwalimu!" nikasema. "Si ulisikia kwa masikio yako?"

"Nilisikia, mama. Niliandika yote. Lakini Nairobi wamesema si wakati mzuri wa watoto kusoma kwamba watu walifungwa kamba na serikali. Mambo ya siku hizi unayajua. Fahali hana siasa."

Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia hapa, na mengine nilimwambia kwa Kitaveta ili asipate tabu ya kutafuta asili yake. Alivumilia. Alipoona nimetulia, akatoa kalamu, akasema amekuja pia kwa jambo jingine. Kuna msemo mpya umezuka Voi, kila mahali anausikia. Sokoni, stesheni, hata kwenye mashamba ya mkonge. Mtu akisalitiwa na rafiki, husema, "Amenituma chumvi."

"Nafikiri," akasema, "huenda ni Waajemi. Wao walifanya sana biashara ya chumvi."

Nilimtazama nisiamini. Kisha nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa chini kizingitini. Ni kweli, na mimi nilikwisha usikia, lakini nilikuwa nimeyakodolea macho maandishi kiasi kwamba sikuutilia maanani. Siku chache kabla yake, jirani yangu yule yule alisimama mlangoni akamfokea mumewe mlevi, "Wewe! Umenituma chumvi, wewe!" Na safari ya Nanihii? Niliwaza sana, nikashindwa kukumbuka mara ya mwisho kuisikia. Kitabu kilikuwa kimeandika fahali, na soko lilikuwa limesahau fahali zamani. Watu wa darasa lile walikuwa wameteremka mlimani wakiwa na maneno mapya mdomoni, wakayatumia, basi.

Nikampelekea mama mkwe habari zote mbili, ya kijitabu na ya soko. Ya kijitabu hakuijali, maana hakujua kusoma na picha haikufanana na mumewe. Akasema sasa mtoto abatizwe.

"Na baba wa ubatizo awe nani?" nikauliza, maana katika kanisa lile si mzazi anayelitamka jina. Mchungaji humwambia baba wa ubatizo amtaje mtoto, naye humtaja mbele ya watu wote.

Akanitajia. Nikadhani sikusikia vizuri. Alikuwa yule yule, mwenye mguu.

"Huyo, mama? Huyo!"

"Amezoea kulitaja," akasema, akaendelea kusuka.

Nilimtuma mume wangu akamwombe. Nilitegemea akatae, na angekataa ningemshukuru. Alikubali. Mume wangu alisema mzee alimsikiliza akiwa amesimama, akauliza tu ni Jumapili ipi.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa hata nje, na nisikufiche, wengi hawakuja kumwona Mungu. Mzee alikuwa amejiuzulu ule uzee wa kanisa tangu siku ya shule, na ile kanzu hakuivaa, alivaa koti kuukuu. Alimpokea mtoto kutoka mikononi mwangu. Mtoto alikuwa mzito, mguu wa mzee ukayumba kidogo. Niliona watu wakiuangalia mguu.

"Mtaje mtoto huyu," akasema mchungaji.

Akalitaja. Lilitoka dogo, likafia kwenye koti lake.

Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, kikapu chake magotini. "Sisikii," akasema. "Rudia."

Mchungaji akainua macho. Haikuwa katika kitabu cha ibada. Mzee akamsogeza mtoto begani, akajaza kifua, akalitaja kwa ile sauti yake ya matanga, likafika kwenye bati, likafika kwa waliokuwa nje kwenye nyasi. Nilingoja kicheko. Niliwageukia watu wale mmoja mmoja nikiwa tayari kwa lolote. Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa mtu mmoja alilirudia, taratibu, bila neno safari mbele yake, na mwingine akalirudia, kama watu wanaojaribu kukumbuka sura ya mtu.

Maji yakamwagika, mtoto akapiga ukelele wa kutisha, akamshika mzee sikio. Nikamchukua. Mama mkwe akanyoosha mikono nikampa, akamfuta uso kwa pembe ya leso yake, akamtazama muda mrefu.

"Basi," akasema. "Amerudi."